Mama Neema, mstari wa kadi ya Zawadi

Dodoma, 22 Mei

Mpendwa Mama Neema,

Mbukwenyi hapo Kibaigwa! Sisi wazima, upepo tu ndio umeanza na vumbi lake. Picha ya kadi ya kliniki ya Zawadi nimeiona, na maswali yako yote nimeyasoma. Nayajibu kwa kirefu kidogo kwa sababu kwenye simu hatumalizi.

Zawadi kwanza. Kilo 7.2 kwa mtoto wa kike wa miezi minane si mbaya, na ndiyo maana uliambiwa bado yuko vizuri. Lakini alipokuwa na miezi sita alikuwa na kilo hizo hizo. Katika umri huu anatakiwa aongeze kama gramu 300 kila mwezi. Kwenye kadi mimi huangalia mwelekeo kwanza, kilo baadaye. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, kuna kitu hakiendi, hata kama bado uko katikati ya mistari iliyochapwa. Na umelala pale pale unapolalia kwa watoto wengi: kwenye umri wa miezi sita, ziwa lisipotosha tena peke yake na uji unapoingia.

Sasa huo uji. Umeniandikia anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na "anamaliza vizuri". Anamaliza kwa sababu ni maji. Tumbo la mtoto wa kilo saba linachukua kama mililita 200 kwa mkupuo, yaani kikombe cha chai kisichojaa. Ukilijaza uji unaonyweka kwenye kikombe, ameshiba lakini hajala, na ziwa analikataa maana hana nafasi. Uji wa mtoto hulishwa kwa kijiko. Uinamishe kijiko: ukidondoka kama maji, rudisha jikoni, ukining'inia kisha ukaanguka taratibu, mpe.

Najua utasema ukiwa mzito anausukuma nje kwa ulimi. Dawa yake ni kimea, kile kile cha pombe, ila usinunue cha sokoni. Cha pombe huota kwenye magunia na mara nyingi kina ukungu. Otesha mwenyewe nusu kilo ya ulezi. Uchambue, uoshe, uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, tandaza kwenye ungo, funika kwa kitambaa safi kibichi, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vimizizi vitakuwa vimetoka. Anika juani mpaka ukauke kabisa, sugua kwa viganja, peta vimizizi vitoke, kisha saga. Ukiona ukungu wakati wowote, mwaga wote. Mtama nao huota, ila machipukizi yake yana sumu ya aina ya sianidi, kwa hiyo kwa mtoto baki na ulezi.

Kupika: nusu lita ya maji kwa gramu 100 za unga, kama vijiko 10 vya mezani. Utapata kitu kinachokaribia ugali, usishtuke. Epua, uache upoe kidogo, kisha tia kijiko kimoja cha mezani cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika kumi utalegea wenyewe, maana kimea kinaivunja wanga. Ukikitia uji ukiwa unatokota, nguvu yake inakufa na uji unabaki mgumu. Ukishalegea rudisha jikoni uchemke dakika chache, kwa kuwa kimea ni kibichi na kina vijidudu vya vumbi. Hapo mtoto anakula unga mara mbili ya ule wa mwanzo, kwa ujazo ule ule.

Juu yake ongeza vijiko viwili vya chai vya karanga zilizosagwa, au maziwa yaliyochemshwa, au yai. Anza na nusu kikombe cha mililita 250, mara tatu kwa siku, na ziwa kila anapotaka, usiku pia. Akifika miezi tisa ongeza mlo wa nne. Akiugua, mpe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili baada ya kupona. Wengi husahau hapo, na ndipo kilo zilizopotea hazirudi. Mlenda mpe bila wasiwasi, ukiutia mafuta ya alizeti kijiko kimoja. Kama unaukausha, ukaushe kivulini, jua kali linaondoa vitamini A.

Huo unga wa lishe wa nafaka nane ambao bibi yao ameusagisha, sikuungi mkono kuuendeleza. Mahindi, mtama, uwele, ngano na mchele kwa sehemu kubwa ni wanga; kuvichanganya hakuongezi kitu kikubwa. Soya isiyokaangwa vizuri inazuia protini isisagike tumboni. Karanga zikisagwa pamoja na unga na kukaa mwezi zinachacha, na linalonitisha zaidi ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga.

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zenye sumukuvu, na 20 walikufa. Hiyo ni dozi kubwa ya mara moja. Dozi ndogo ya kila siku haiui hapo hapo, ila inaumiza ini, na imehusishwa na watoto kudumaa. Moto wa jikoni hauiondoi. Usidanganyike kwamba uji ukichemka sana umepona. Inapungua kwa kuchambua: toa kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye rangi ngeni. Karanga chungu teme na rundo lake ulitilie shaka. Mahindi ya mtoto yakobolewe kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini, kisha ongeza virutubisho kwa maziwa na mboga.

Na kwa kuwa ndiyo mnavuna sasa, pimeni ukavu kabla ya kufunga magunia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Rudisheni kwenye turubai. Si kwenye udongo, tafadhali. Yakishakauka, mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inafaa, mradi ifungwe vizuri tabaka zote.

La lawalawa sasa. Umeniambia Zawadi analia akikojoa, sehemu zake zimekuwa nyekundu, na kuna aliyesema dawa yake ni wembe. Rafiki yangu, huu ni ugonjwa wa kawaida ulioitwa jina la kutisha. Ni muwasho wa nepi iliyokaa na mkojo, au fangasi, au maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo watoto wa kike huyapata kirahisi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi na iko karibu na ya haja kubwa. Mfute kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara. Tumia maji matupu, sabuni isiingie ndani, mkaushe, mwache bila nepi kwa muda. Lakini kwa kuwa analia akikojoa, usingoje: mpeleke kituo cha afya kesho wakapime mkojo, na akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, mpeleke leo hii. Maambukizi yanayofika kwenye figo yanaweza kuacha makovu. Akipewa dawa, amalize dozi hata kama amenyamaza kulia siku ya pili.

Kukata hakuondoi kijidudu hata kimoja. Kunaleta kutoka damu, pepopunda, na kovu linalozuia mkojo kutoka vizuri, yaani maambukizi zaidi. Na ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Ndiyo sababu mojawapo ya watu kuhamia kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusema. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015/16, karibu nusu ya wanawake wa mkoa wetu walikuwa wamekeketwa. Kwa hiyo usijione unabishana na mtu mmoja. Mwombe bibi kwa heshima aende nawe kituoni, akae ndani, amsikie mganga mwenyewe akieleza majibu ya mkojo. Hilo linafanya kazi kuliko kumtolea hotuba nyumbani.

Chanjo kwa haraka: ya surua na rubela miezi tisa, na ya pili miezi 18. Hiyo ya 18 ndiyo inayorukwa, kwa kuwa baada ya miezi tisa kadi huingia sandukuni. Mwezi ujao, Juni, ni wa matone ya vitamini A: Zawadi atapata kidonge cha bluu, mkubwa wake Amani chekundu pamoja na dawa ya minyoo. Itarudi Desemba.

Usimpime Zawadi kwa kilo tu. Sasa hivi anatakiwa akae bila kushikiliwa, ageuke akiitwa, atoe sauti za "baba-baba". Akifika miezi tisa bado anaangukia upande, usisubiri. Kutembea kuna nafasi kubwa, mpaka miezi 18.

Amani, miaka minne. Kwamba wageni hawaelewi anachosema, hilo ndilo ningelifuatilia kabla ya jingine lolote. Usilaumu Kigogo na Kiswahili kwa pamoja. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Sikio lililokuwa likitoa usaha mwaka jana ndilo ninalolishuku. Likitoa usaha tena, sokota kitambaa safi kinachonyonya maji, weka sikioni mpaka kilowe, badilisha, mara tatu kwa siku hadi likauke. Usimimine mafuta wala maziwa ya mama. Kisha omba rufaa apimwe usikivu, maana mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi mpaka darasa la tatu.

Kuhusu homa zake: Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, na dawa mseto isinunuliwe bila kipimo. Akikohoa, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwake 40 au zaidi ni nyingi. Kwa Zawadi ni 50. Mbavu zikiingia ndani anapovuta, au akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, huo si usiku wa kusubiri kupambazuke. Akiharisha, pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi, mpe mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14 hata kuhara kukikoma. Duka la dawa muhimu wanazo zote. Na uso wake uoshwe kila siku, hata kwa maji ya kikombe kimoja kwenye kibuyu chirizi. Ninyi wa Kongwa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha, mnaijua kuliko mimi.

Neema nimemweka mwisho, na huenda ndiye anayehitaji macho zaidi, kwa kuwa hakuna mtu anayempima. Amerefuka ghafla, analala mchana, viganja vimepauka. Kati ya kuanza kuota matiti na hedhi ya kwanza hupita kama miaka miwili, na kurefuka kwingi hutokea kabla ya hedhi. Damu na mifupa vinagombea chakula kile kile. Apimwe wingi wa damu. Chai ya rangi aitenge na mlo kwa saa moja, maana inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Ubuyu unafanya kinyume chake, unasaidia chuma kifyonzwe. Nasema unga wa ubuyu wenyewe, si ule mwekundu wa pakiti unaopaka ulimi rangi.

Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ni dozi moja tu tangu 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama alikosa siku ilipotolewa shuleni, mpeleke kituoni. Mweleze hedhi sasa, kabla haijaja: taulo ibadilishwe kila saa nne hadi sita, kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani waziwazi, si kufichwa chini ya godoro ambako hakikauki. Damu ikizidi siku saba, au akibadilisha kila saa, apelekwe.

Na yule Juma wa dada yako, wa miaka 14: matiti yake kuvimba kidogo ni jambo la kupita, wenzake wengi wanalo na hawasemi. Ila baba Neema amwambie hili moja kwa mdomo wake: korodani ikianza kuuma ghafla, aseme saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Ikiwa imejisokota, daktari ana kama saa sita za kuiokoa, na vijana wengi hupoteza hizo saa kwa aibu.

Nipigie ukishapata majibu ya mkojo. Bibi umsalimie sana, na baba Neema.

Ni mimi,
Mama Daudi