Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kinshasa: Katanga haitulizwi kwa kuwatunza wenye bunduki

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Lubumbashi, kwa Kiswahili, maana ndicho tunachosemea sokoni na kanisani huku. Wizara yako imebeba usalama, ugatuzi na mambo ya kimila kwa pamoja. Ugonjwa wetu umegusa yote matatu, ndiyo maana barua hii imekuja kwako na haikwenda kwa majenerali.

Huko Kinshasa, Katanga, mkoa wetu wa migodi kusini-mashariki mwa Kongo, ikitajwa, wazee hukumbuka tarehe 11 Julai 1960, kiongozi wake Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga na nchi akiwa na Wabelgiji na fedha za kampuni ya migodi ya Union Minière nyuma yake. Kinachosahauliwa ni kwamba hata Katanga yenyewe haikuwa na kauli moja. Baluba wa kaskazini, waliokuwa na chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa, wakaandamwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu yao walijazana kambini, chini ya askari wa Umoja wa Mataifa, pembeni mwa jiji hili hili. Januari 1963 kujitenga kukaisha. Bendera ya misalaba ya shaba ilikunjwa, ila kuna watu walioihifadhi.

Na Wakasai, watu wa mkoa jirani wa Kasai, hawakuvamia huku. Waliletwa. Tangu miaka ya 1920 kampuni hiyo ya migodi ilitaka vibarua wa kudumu na makarani, na reli iliyofika Ilebo, huko Kasai, mwaka 1928 ikarahisisha kazi ya kuwasomba. Walizaa huku, wakazika huku. Hata hivyo, Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulipomchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, na Nguz a Karl-i-Bond wa kwetu akakiacha kiti hicho, gavana wa Katanga Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama chao cha UFERI waliwageukia majirani zao Wakasai. Waliwaita bilulu, wadudu. Likasi ilianza, Kolwezi ikafuata.

Mimi ni mtoto wa Likasi. Baba ni Muluba wa Malemba-Nkulu, mama ni wa Mbuji-Mayi, Kasai. Baba aliambiwa abaki, mkewe aende. Mama alifichwa na wifi yake nyuma ya magunia ya makala, huku wajomba zangu wamelala kituoni na cherehani, masufuria na magodoro, wiki baada ya wiki, wakingoja treni ya Kasai. Watoto na wazee walifia hapo hapo kabla treni haijafika. Wengine walifia njiani, ndani ya mabehewa. Gavana Kyungu hakuadhibiwa; aliendelea na siasa zake, akawahi hata kuongoza bunge la jimbo.

Hilo ndilo somo ambalo kila mwenye panga alilipata mapema, Mheshimiwa, na wenye bunduki wakalifanyia kazi. Mfano ni Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa waasi, ambaye si yule gavana. Wapiganaji wake walichoma vijiji vya Mitwaba, Pweto na Manono hadi eneo lile likaitwa pembetatu ya mauti. Mwaka 2006 alijisalimisha. Machi 2009 mahakama ya kijeshi ya Kipushi ilimhukumu kifo kwa uhalifu dhidi ya binadamu, hukumu ambayo wengi wetu tuliipokea kama ajabu, kwa kuwa hatukuzoea. Septemba 2011 gereza la Kasapa likavunjwa mchana kweupe, akatoka yeye na wafungwa zaidi ya 900. Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi linalotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi kwa miguu na bendera yao, wakaishia katika uwanja wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Zaidi ya watu 30 walikufa siku ile.

Kisha Oktoba 2016 Gédéon yule yule akatoka porini, akapokewa kwa shangwe na viongozi wa jimbo, akapewa nyumba hapa mjini. Mfungwa aliyehukumiwa kifo! Machi 2020 akatoroka tena, na tarehe 14 Februari 2021 makambi ya jeshi ya Kimbembe na Kibati yakashambuliwa hapa hapa Lubumbashi. Kijana wa Mitwaba anayelima mihogo, na ambaye nyumba yake haijawahi kulipwa hata bati moja, anajua vizuri ni nani kati yao wawili aliyepewa makao na serikali.

Sisemi malalamiko ya Katanga ni ya uongo. Kifungu cha 175 cha katiba kinasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa, zikatwe pale pale zinapokusanywa. Tangu 2006 tunasubiri. Malori ya kobalti yanapita mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, na barabara ya Mitwaba wakati wa mvua unaijua, au uliza dereva wako. Mwaka 2015 mlitugawa majimbo manne, tukapata magavana wanne na deni lile lile.

Hasira hiyo sasa inatafuta pa kutua. Treni ikifika kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, kuna watu wanaohesabu vijana wanaoshuka na kusambaza video WhatsApp. Vijana wenyewe wanaishia kuendesha pikipiki. Maneno ninayoyasikia kwenye foleni ya maji ni yale yale ya 1992, na wanaoyasema wengine hawakuwa wamezaliwa. Upande wa Tanganyika, mojawapo ya majimbo yale manne, Batwa na Baluba wamechinjana, na huko hata kamera hazifiki.

Ninachoomba ni hiki. Atakayejisalimisha kesho apelekwe kwa hakimu, na wajane wa Mitwaba wawe wamekaa mbele ukumbini. Waliofukuzwa Likasi na Kolwezi wafunguliwe dawati la kuandikisha nyumba walizoziacha, maana wenye hati bado wapo hai. Zile asilimia 40 zitoke, na kiasi kitangazwe kila mwezi. Na fomu za serikali ziache kumuuliza mtu kijiji cha babu yake kabla ya kumwuliza anaishi wapi. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kukaa anapotaka nchini.

Jibu lako nitaomba lisomwe redioni kwa Kiswahili, Mitwaba nao walisikie.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwana wa Likasi, mkazi wa Lubumbashi