Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamivu: Pimeni Masomo Yangu Kabla ya Kuyakataa

Ndugu Profesa,

Yah: Maombi ya kuhamishia krediti zangu za awali (vipimo vya uzito wa masomo niliyokwisha kufaulu) katika programu ya uzamivu ya menejimenti ya biashara

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa njia za ndani nimezimaliza. Barua zangu zipo katika jalada ofisini kwako, zimegongwa mhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa kwa hoja. Kila nilipofuatilia nilipigwa danadana kati ya Idara, Kurugenzi na Ofisi ya Msajili, hadi wiki iliyopita jina langu lilipobandikwa katika orodha ya wanafunzi wanaotakiwa kuanza masomo yote ya mwaka wa kwanza, likiwa na namba ya malipo ya ada nzima. Nilipouliza dirishani nikapewa karatasi yenye sentensi moja, kwamba Kamati imejiridhisha kuwa masomo ya mwombaji hayalingani na ya programu. Hayalingani kwa lipi, karatasi haisemi. Ni somo gani lililopungukiwa, na limepungukiwa nini, pia haisemi.

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa uhasibu na fedha katika chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Nilianza uzamivu wa menejimenti ya biashara katika chuo kikuu kimoja jijini Kampala, chuo chenye ithibati ya mamlaka ya nchi hiyo, nikasoma masomo ya darasani na kuyafanyia mitihani, nikafaulu yote kwa daraja la B na kuendelea juu. Kisha mama yangu akapata kiharusi, na kwa kuwa mimi ndiye mtoto ninayekaa naye, nilirudi nyumbani. Nikaomba kuendelea katika chuo chako kwa sababu kipo karibu na kwa sababu kijitabu chenu cha udahili kinasema wazi kwamba mwanafunzi aliyesoma masomo ya ngazi hiyo katika chuo kinachotambulika anaweza kuomba yahesabiwe. Maneno hayo sikuyaota. Nimeyapigia mstari na kuyaambatisha katika barua yangu ya kwanza.

Nikukumbushe pia, Profesa, siku ya kuwapokea wanafunzi wapya wa shahada za juu. Uliulizwa swali hili mbele yetu sote, na ukajibu kwamba chuo hakina nia ya kumrudisha mtu darasani kwa somo alilokwisha kulifaulu, na kwamba kila ombi litapimwa somo kwa somo na wataalamu wa eneo husika. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilikwenda mbali zaidi ya makofi, maana kwa neno lako hilo nilijaza fomu, nikalipa ada ya usajili, na nikaacha kuomba vyuo vingine.

Sasa niseme ninachodhani kimetokea, na kama nimekosea, ofisi yako inisahihishe kwa maandishi. Nadhani hakuna mtaalamu yeyote aliyefungua mihtasari ya masomo yangu. Nadhani mtu alichukua transkripti, yaani karatasi yangu ya matokeo, akaona mbele ya kila somo imeandikwa krediti 3, akatazama programu yenu akaona mbele ya kila somo imeandikwa krediti 12, akahitimisha kwamba masomo yangu ni robo ya masomo yenu. Kama ndivyo, basi nimenyimwa haki kwa hesabu isiyo sahihi, na naomba univumilie nieleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa haliniumizi mimi peke yangu.

Krediti ya Uganda na krediti ya Tanzania hazipimi kitu kimoja. Kule nilikotoka krediti moja hupimwa kwa saa 15 za kukutana na mwalimu, kwa hiyo somo la krediti 3 lina saa 45 za darasani. Kwetu, kwa mfumo wa sifa za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, yaani mihadhara, kujisomea, kazi za nyumbani na mitihani vikiwa pamoja, kwa hiyo somo la krediti 12 lina saa 120. Anayeweka 3 kando ya 12 bila kubadili kipimo anafanya kama mtu anayelinganisha maili na kilomita kwa kutazama tarakimu tu. Tukihesabu kwamba kila saa ya darasani katika ngazi ya uzamivu inadai walau saa mbili za kujisomea, na aliyewahi kusoma ngazi hiyo anajua kwamba hapo nimehesabu kwa uchache, zile saa 45 zinageuka kuwa saa 135 za kazi. Gawanya kwa 10, unapata krediti 13.5. Somo langu halijapungukiwa. Linazidi.

Chukua somo la mbinu za utafiti wa kiidadi, ambalo ndilo lililonitesa na kunifunza kuliko yote. Nimeweka mihtasari miwili mezani, wa kule na wa kwenu, nikaisoma mstari kwa mstari. Yote miwili inaanza na uundaji wa nadharia tete, inapita katika uteuzi wa sampuli na upimaji wa uhalali na uthabiti wa dodoso, inaingia katika regresheni ya vigezo vingi na uchambuzi wa vipengele, na inaishia katika modeli za milinganyo ya kimuundo. Tofauti niliyoiona ni kwamba kule sampuli hufundishwa juma la tatu na kwenu juma la nne, na kwamba kule tulitakiwa kuwasilisha uchambuzi wa data halisi. Mimi nilichambua marejesho ya mikopo ya wafanyabiashara wadogo, nikasahihishiwa, nikarudia, nikafaulu. Kazi hiyo yenye alama za kalamu nyekundu za mwalimu imo katika jalada langu. Sijui kama kuna aliyeifunua.

Huenda tatizo ni lingine. Huenda Kamati ilidhani naomba masomo ya shahada yangu ya uzamili yahesabiwe kama ya uzamivu, na hapo ningeelewa kusita kwenu, kwa sababu masomo yale yalikwisha kunipa shahada yake na ni ya ngazi ya chini. Lakini sikuomba hivyo. Niliomba masomo ya ngazi ya uzamivu pekee, ambayo hayakunipa tuzo yoyote. Wala sikuomba kupunguziwa tasnifu. Utafiti wangu wote, kuanzia pendekezo hadi utetezi, nitaufanya chini ya msimamizi wenu, na cheti kitakuwa na jina lenu kwa haki. Wapo pia wenzangu wanaosema kwamba sababu ni ada, kwamba mwanafunzi anayehamisha krediti halipii mwaka mzima. Sitaki kuliamini hilo, Profesa, lakini karatasi ya sentensi moja hainipi hoja ya kuwajibu.

Sipingi chuo kuwa na masharti. Vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa uzamivu wa biashara huweka ukomo wa krediti zinazohamishika, hutaka ziwe zimetoka katika chuo chenye ithibati, hutaka daraja la B au zaidi, na hukataa masomo yaliyopitwa na miaka kadhaa. Hayo yote ni halali, kwa sababu mwombaji anayajua kabla hajatoa senti yake. Chuo chako kina ruhusa ya kuweka masharti makali kuliko hayo. Kinachonishinda kukielewa ni sharti ambalo halijaandikwa popote na ambalo nimeangushwa nalo.

Na hili linauma zaidi kwa kuwa limetokea Tanzania. Kuanzia 1963 hadi 1970 Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na kijana aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi akaenda Nairobi, aliyetaka sheria akaja Dar es Salaam. Mkataba wa nchi za Afrika wa kutambuliana masomo na shahada za elimu ya juu ulipitishwa Arusha, Desemba 1981, kisha ukafanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, katika ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Mwezi Mei 2017, Wakuu wa Nchi walikutana papa hapa nchini, Dar es Salaam, na kuitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo Kampala, jiji lile lile ambalo masomo yangu yanaonekana hayafai kwa sababu yametoka huko. Marais wametia saini, mawaziri wametia saini, na mimi nimekwama dirishani.

Najua barua kama hii huonekana ya mtu anayelalamikia pesa. Pesa ninailalamikia kweli, kwa sababu ada ya Kampala niliilipa kwa mkopo wa SACCOS ambao bado nakatwa kwenye mshahara, na sasa natakiwa kukopa tena nilipie masomo yale yale. Lakini lipo kubwa kuliko pesa. Ruhusa ya masomo niliyopewa na mwajiri ina mwisho, na nikiutumia mwaka mzima kurudia darasa, itaisha nikiwa bado sijakusanya data. Bila uzamivu siwezi kupanda kuwa mhadhiri, na mama anahitaji dawa za shinikizo la damu na mazoezi ya viungo ambayo hayangoji vikao. Usiku namgeuza kitandani, alfajiri naingia darasani kufundisha, jioni nasoma makala za utafiti. Mwaka ambao Kamati imeamua kuniongezea kwa sentensi moja ni mwaka ambao sina pa kuutoa.

Kwa hiyo, Profesa, siombi upendeleo. Siombi hata krediti zote zikubaliwe. Naomba masomo yangu yapimwe. Kila somo lipewe mtaalamu wa eneo lake, asome muhtasari wake, abadili kipimo cha saa ipasavyo, kisha aandike limekubaliwa, au limekataliwa kwa sababu hii na hii. Somo litakalokataliwa kwa hoja nitalirudia, na ada yake nitailipa. Nataka karatasi yenye sababu, somo kwa somo, kama ulivyoahidi ukumbini, na naomba namba ya malipo ya ada nzima isimamishwe hadi karatasi hiyo itoke, kwa kuwa dirisha la usajili linafungwa mwisho wa mwezi huu na baada ya hapo jibu lolote halitanisaidia.

Jalada langu lina kila kinachohitajika: transkripti yenye mhuri katika kila ukurasa, mihtasari ya masomo yote, na barua ya chuo cha awali inayothibitisha kwamba sidaiwi. Naomba lifunguliwe na lisomwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa uzamivu na mhadhiri msaidizi,
Mwanza