Uzio tunaoudai Same, wakulima wa Sri Lanka walishaujaribu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba dawa ya tembo wanaotumalizia mazao huku tambarare ya Same ni moja tu: Serikali izungushe uzio wa umeme Hifadhi yote ya Mkomazi, tembo wabaki ndani, sisi tubaki nje. Akamalizia kwa kusema Waasia hawana la kutufundisha kuhusu tembo, maana kazi yao ni kununua pembe. Hasira yake naijua. Mimi nalima Kisiwani, na nimewahi kuamka alfajiri nikakuta mahindi yaliyokwisha kubeba yamelala chini kama yamepitiwa na trekta. Lakini hayo ya Waasia yamenifanya nitafute kalamu.

Kabla ya kurudi kushika jembe nilikuwa baharia, upande wa injini. Mwanzoni mwa 2016 meli yetu iliingia gudini Colombo, Sri Lanka, na matengenezo yakachukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Mwenzangu wa mashineni, mzaliwa wa Galgamuwa huko bara, akaniambia kuliko kushinda bandarini tukihesabu meli za wenzetu, twende kwao nikamsalimie mama yake. Tukapanda basi.

Msomaji asiyeijua nchi ile aelewe kwanza udogo wake. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 65,610. Mkoa wetu wa Tabora peke yake ni mkubwa kuliko nchi ile nzima. Humo wanaishi watu wapatao milioni 22, na hesabu ya wanyama ya mwaka 2011 ilikuta tembo 5,879. Hawa si tembo wa porini kule mbali unaowasikia kwa watalii. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba tembo wanapatikana katika karibu asilimia 60 ya eneo la nchi, na katika asilimia kama 70 ya eneo hilo la tembo kuna watu wanaoishi. Yaani shamba, nyumba, shule, tembo, vyote pamoja.

Jambo la pili: tembo wa kule wengi hawana pembe. Jike hana kabisa, na kwa madume hupati hata mmoja kati ya kumi mwenye pembe ndefu. Kwa hiyo anayedhani tembo wa Asia wanakufa kwa sababu ya pembe, kwa Sri Lanka amekosea njia. Wanakufa kwa ajili ya mpunga.

Kijijini kwa mwenzangu nilijiona nimefika nyumbani. Mpunga umekaribia kuiva, na kila shamba lina dungu juu ya mti, limeezekwa nyasi, chini yake moto. Wanaume wanapanda dunguni jioni na tochi na fataki, wanaimbiana toka dungu hadi dungu ili usingizi usiwachukue. Mama mwenye nyumba akanionyesha ukuta wa jikoni wenye kiraka cha tofali mpya. Tembo dume aliubomoa usiku akafuata gunia la mpunga lililokuwa ndani, akalivuta kwa mkonga, akalila hapo hapo uani, watu wakiwa wamejibana chumba cha pili. Mama alisimulia huku akicheka, halafu akanyamaza, akataja jirani yake ambaye hakubahatika.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye lambo la kijiji. Tembo mdogo dume, wa umri wa kuacha kunyonya, alikuwa amesimama majini, maji yamemfika tumboni, mdomo wazi, ulimi umevimba umetoka pembeni. Alichota maji kwa mkonga, akayapeleka mdomoni, yakamwagika yote. Watu walimrushia migomba iliyokatwa vipande, aliigusa, akaiacha. Nikaelezwa: kuna watu huficha baruti ndani ya boga au tunda, wakikusudia nguruwe mwitu, mnyama akitafuna inalipuka taya. Tembo wadogo, ambao kila kitu wanataka kukionja, ndio wanaoumia zaidi. Taya ikivunjika hakuna tena kutafuna. Daktari wa wanyama anaweza kuja kumchoma sindano za kuzuia usaha, lakini mnyama wa kula mzigo mzima wa majani kila siku atalishwa na nani? Anakufa kwa njaa, taratibu, mara nyingi ameng'ang'ania maji kwa sababu ya maumivu. Na haya yanatokea katika nchi ambayo tembo ndiye anayebeba sanduku la masalia matakatifu ya Buddha katika maandamano makubwa ya Kandy kila mwaka, watu wakimsujudia. Upendo upo kweli. Lakini mwenye upendo huo ana watoto na ana ghala.

Sasa nije kwenye uzio.

Sri Lanka imejenga uzio wa umeme wa zaidi ya kilomita 4,500. Rudia kuisoma hiyo namba, ndugu msomaji unayedai uzio. Na bado mwaka 2023 walikufa tembo zaidi ya 450 na watu zaidi ya 160, kiwango ambacho miaka ya nyuma hakikuwahi kuonekana. Umeme haukushindwa. Kilichoshindwa ni mahali ulipowekwa. Uzio mwingi ulifuata mipaka ya ofisi: huku ardhi ya idara ya wanyamapori, kule ardhi ya idara ya misitu. Tembo hajui mipaka ya idara, akawa yuko pande zote mbili za waya. Kisha hutumwa watu wa kuwaswaga kwa fataki na kelele waingie hifadhini. Wanaoswagika ni majike na watoto, ambao hata shambani kwako hawakuwa wakija sana. Wakishafungiwa mahali pasipo na malisho ya kutosha, wanakonda mbavu nje. Dume mzoefu wa mashamba, yule hasa uliyemkusudia, anajifunza kusukuma nguzo mahali penye kutu, au anaangusha mti juu ya waya, na usiku wa tatu yuko kwenye mpunga wako akiwa na hasira zaidi.

Pale Galgamuwa nikaonyeshwa namna nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya nisione haya kuandika barua ndefu. Wanakijiji wenyewe, wakisaidiwa na wataalamu wa kituo kimoja cha utafiti kinachoongozwa na Dk. Prithiviraj Fernando, waliacha kumfungia tembo wakajifungia wao. Uzio unazunguka makazi. Uzio mwingine mwepesi unazunguka mashamba ya mpunga, unasimamishwa mbegu zinapopandwa na kung'olewa mavuno yakiisha, nguzo na waya vinawekwa stoo. Tembo wanaruhusiwa kuja kula mabua yaliyobaki, na kwa kuwa wana chakula hawana sababu ya kugombana na waya msimu unaofuata. Mwaka 2020 kamati ya kitaifa iliyoongozwa na huyo huyo Fernando iliandika mpango wa nchi nzima juu ya msingi huu. Utekelezaji umekwenda kwa kusuasua, hilo nalisema wazi, maana waziri anayezindua kilomita mia za uzio wa hifadhi anapigwa picha, na anayegawa betri kwa wakulima hapigwi.

Kitu kilichonigusa kama fundi ni utunzaji. Nyasi zikigusa waya, umeme unavuja na uzio unakuwa kamba ya kuanikia nguo. Pale kila kaya ilikuwa na kipande chake cha kufyeka, na asiyefyeka anajulikana kwa jina, maana tembo akipita pale, wote wanajua pa kwenda kuuliza. Uzio wa Serikali wa kilomita mia mbili, nani atafyeka chini yake? Vibarua wawili na pikipiki isiyo na mafuta?

Najua atatokea wa kunitajia Aberdare, Kenya. Ni kweli, uzio ule wa kilomita karibu 400, ulioanza 1989 ukakamilika 2009, umesaidia wakulima na msitu. Lakini Aberdare ni mlima wenye msitu uliokwisha kuzungukwa na mashamba, na nyuma ya ule waya kuna fedha na walinzi wasiokoma. Mkomazi ni ukurasa mmoja wa kitabu kinachoendelea Tsavo, hifadhi ya Kenya ng'ambo ya mpaka. Tembo wetu wanavuka mpaka kufuata mvua. Kufunga upande wetu ni kuwafungia ama wabaki ndani na ukame, ama wabaki nje pamoja nasi. Na huko huko Taita, Sagalla, jirani zetu hawa, wakulima wamening'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akiigusa nyuki wanatoka. Sri Lanka wameijaribu pia, karibu na hifadhi ya Wasgamuwa, ingawa nyuki wa kule ni wapole kuliko wetu. Hapa tuna nyuki wakali wa bure na bado tunasubiri waya kutoka Dodoma.

Kuhusu pembe, siwatetei wanunuzi. Nilikuwa Colombo Januari ile ya 2016 ambapo Serikali ya Sri Lanka iliponda hadharani pembe 359, tani moja na nusu, kwenye uwanja wa Galle Face ulio ufukweni. Zilikamatwa bandarini mwaka 2012 ndani ya kontena lililotoka Kenya kwenda Dubai, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha tembo wenyewe walikuwa wa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Watawa wa Kibudha waliwaombea tembo wale kabla ya mashine kuwashwa. Mabaharia wenzangu waliniuliza kama hizo ni za kwetu, nikasema ndiyo. Miaka ile tuliporomoka kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na waliopakia makontena hawakuwa Waasia peke yao.

Wanyama wengine wa kisiwa kile nawataja kwa haraka, maana kila nikisimulia watu huniuliza kama kuna simba. Hakuna simba wala chui milia. Mkubwa wa pori ni chui wa madoadoa, ambaye mwaka 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi lilimshusha daraja moja la hatari, habari njema ya nadra. Kuna dubu, kuna paka mvuvi anayenyemelea samaki hadi kwenye mabwawa ya vitongoji vya Colombo, kuna kinyama chembamba chenye macho makubwa cha ukoo wa komba wetu, nacho misitu yake inazidi kukatika vipande. Nguva, wale wale wa Kilwa na Mafia, wamebaki wachache Ghuba ya Mannar na wanakufa kwenye nyavu. Wasiokosekana ni nyani na tumbili: Februari 2025 nyani mmoja aliingia kituo cha umeme akazima nchi nzima, na mwezi uliofuata Serikali ikawaomba wananchi wote wasimame dakika tano asubuhi moja kuhesabu wanyama waharibifu mashambani mwao. Nilicheka, kisha nikajiuliza ni lini sisi tuliulizwa hata hizo dakika tano. Februari hiyo hiyo treni iligonga kundi la tembo karibu na Habarana, wakafa sita.

Ombi langu ni dogo kuliko la msomaji wako. Fedha zinazotajwa kwa ajili ya uzio wa Mkomazi, sehemu yake ije vijijini kama nguzo, waya, betri na paneli za sola kwa kikundi cha wakulima kinachokubali kufyeka na kulinda, tuanze na shamba moja la mpunga lenye maji ya mfereji, msimu mmoja. Likishindwa tutalisema mbele ya mkutano wa kijiji. Kifuta jasho, ile fedha ya Serikali kwa aliyeliwa mazao na wanyamapori, kiendelee, tena kije mapema. Cha mwaka mmoja kwangu kilifika mazao ya mwaka uliofuata yakiwa yameshaliwa, na ofisi husika inajijua.

Na wewe Mhariri, ukimtuma mwandishi huku, asije mchana kupiga picha mabua yaliyolala. Aje usiku, mwezi wa mavuno, apande dunguni na vijana. Koti zito alete mwenyewe.

Mkulima na baharia mstaafu,
Kisiwani, Same