Risala ya Wanafunzi wa Shahada ya Sheria Walio Gerezani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Mkuu wa Gereza, walimu wetu, wazazi na ndugu mliofunga safari kuja kutuona, hamjambo.

Sisi wanafunzi wa sheria wa gereza hili tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunasomea shahada ya Chuo Kikuu cha London kwa njia ya masafa, kama walivyosoma wenzetu waliotutangulia katika magereza ya Kenya na Uganda, na darasani tunaketi benchi moja na askari wa magereza ambao nao wamejiandikisha. Mtihani wetu ndio ule ule anaoufanya mwanafunzi aliye huru. Hatupunguziwi swali wala alama, na hatujaomba kupunguziwa.

Mheshimiwa, faida ya masomo haya imewafikia hata wasiosoma. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka mahakamani akiwa amehukumiwa, nakala ya hukumu ameikunja mfukoni, asijue kwamba sheria inampa siku 14 tu za kukata rufaa. Tuliketi naye mlangoni mwa bweni, tukamsomea hukumu ile mstari kwa mstari, tukaandika sababu za rufaa kwa mkono, na karatasi zikawasilishwa kabla muda haujaisha. Vilevile, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba adhabu ya lazima ya kifo kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba, wengi waliofungwa kwa wizi wa mabavu, kosa ambalo nalo lina adhabu ya lazima ya kifo, walidhani nao wamefunguliwa mlango. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ilipofafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee, sisi ndio tuliokaa nao kuwaeleza. Ilikuwa kazi nzito, lakini heri mtu aelezwe ukweli na anayeielewa sheria kuliko kuuziwa matumaini.

Tunajua yupo mzazi huko nje aliyeuza ng'ombe ili kumlipia mwanawe karo, naye anauliza kwa nini mfungwa asomeshwe. Swali lake ni la haki. Jibu letu ni kwamba Kifungu cha 51 cha Katiba kinamwachia aliyefungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kifungoni, na kwamba wengi wetu tutarudi kuishi jirani na mzazi huyo.

Kinachotuumiza zaidi, Mheshimiwa, ni uhamisho. Mwanafunzi aliyefika mwaka wa pili huitwa asubuhi, akapandishwa gari kwenda gereza lisilo na darasa wala kompyuta, na masomo yake yakakatikia hapo. Anayemaliza kifungo katikati ya kozi naye hutoka bila vitabu, bila mfadhili na bila mahali pa kufanyia mtihani. Uhaba wa intaneti tunauvumilia kwa kugawana nakala zilizochapishwa. Masomo yaliyokatika hayana dawa ya namna hiyo.

Kwa hiyo tunaomba utufikishie ombi hili kwa wanaohusika: mwanafunzi aliyesajiliwa asihamishwe kabla ya mitihani ya mwaka wake, ila kwa sababu ya usalama au ugonjwa; akihamishwa, faili lake la masomo liende naye, na anayeachiliwa aruhusiwe kurudi hapa kama mgeni siku za mitihani, mpaka amalize shahada yake.

Tunaomba kuwasilisha.