Goti la Ronaldo de Lima na goti la kijana wako

Swahiba yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imefika. Unasema namba tisa wako, kijana wa miaka kumi na saba, anaumwa chini ya pia ya goti tangu mwezi uliopita, mashindano yamebaki wiki tatu, na kuna watu wanakushauri apigwe sindano acheze, "mbona Ronaldo wa Brazil aliumia akarudi akachukua Kombe la Dunia." Nitakujibu kwa Ronaldo huyo huyo, de Lima, kwa sababu historia ya goti lake ndiyo inayonifanya nikwambie sindano hapana.

Wanaomtolea mfano wanakumbuka fainali ya Yokohama, Japani, tu, tarehe 30 Juni 2002: mabao mawili dhidi ya Ujerumani, jumla mabao manane, mfungaji bora. Wanasahau kwamba msimu mzima wa 2000/01 hakuichezea klabu yake, Inter ya Italia, hata mechi moja ya mashindano, na kwamba Brazil walihangaika kufuzu kombe hilo bila yeye. Na goti lilianza kumsumbua mapema zaidi. PSV pale Uholanzi, msimu wa kwanza, akiwa kinda wa miaka 18, alifunga mabao 30 ya ligi. Msimu wa pili goti lilimweka nje muda mrefu, akapasuliwa. Akaenda Barcelona akafunga mabao 47 katika mechi 49, na kwa mabao hayo nani angeuliza habari za goti?

Sasa fanya hivi. Kaa kwenye kiti, kunja goti, weka kidole gumba chini kidogo ya ile pia. Utagusa kitu kama mkanda mnene unaoteremka hadi kwenye kinundu kilicho juu ya muundi. Hiyo ndiyo kano, kamba inayounganisha msuli na mfupa, na ndiyo ninayoizungumzia. Urefu wake ni kama sentimita tano. Misuli minne ya mbele ya paja, yenye nguvu kuliko yote aliyonayo straika, inavuta pia ya goti kwa juu, na nguvu yote hiyo inafika kwenye muundi kwa kupitia kano hiyo moja. Kukimbia moja kwa moja hakuitesi sana. Kinachoitesa ni breki: kutua baada ya kuruka kichwa, kusimama ghafla, kugeuka mguu ukiwa umekita chini na goti limekunjwa. Hapo kano inabeba uzito mara kadhaa ya uzito wa mwili wenyewe.

Na mchezo wa Ronaldo ulikuwa breki tupu. Anakuja kasi, anapitisha mguu juu ya mpira, anakita, anabadilisha upande, beki anabaki. Anakuja tena. Mwili mkubwa ule, kasi ile, na kila chenga ilipita kwenye zile sentimita tano.

Tarehe 21 Novemba 1999, San Siro, Inter wakicheza na Lecce, kano ya goti la kulia ilichanika nusu. Alipasuliwa Paris mwishoni mwa mwezi ule ule. Tarehe 12 Aprili 2000 akarudi, mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio uwanjani Olimpico, akitokea benchi kipindi cha pili. Hakumaliza hata dakika kumi. Ukipata video yake itazame polepole: anaukokota mpira kuwaelekea mabeki, anaanza kupitisha mguu, mguu wa kulia unakita, goti linakunjika na linashindwa kunyooka. Hakuna aliyemgusa. Kano ilikatika yote, na inapokatika yote, misuli ya paja huivuta pia ya goti kwenda juu kwa sababu hakuna tena kinachoishikilia kwa chini. Zile kelele zake hazikuwa za kutafuta faulo.

Hesabu miezi: tangu upasuaji hadi siku ile ni minne na nusu. Hapo ndipo ninapotaka usimame nami kidogo, maana kosa hili linafanyika kila wilaya, kwa vijana wasio na kamera wala daktari.

Msuli ni mwekundu, una damu nyingi, ukiufanyisha kazi unajaa ndani ya wiki chache. Kano ni nyeupe kwa sababu damu yake ni haba. Inapona, lakini kwa mwendo wake. Nyuzi mpya hutokea kwanza ovyo, kama miyaa iliyomwagwa chini kabla ya kusukwa mkeka, na hujipanga kufuata mvutano polepole, kwa miezi, hata kupita mwaka. Kwa hiyo upo wakati wa hatari, kama mwezi wa nne hadi wa sita baada ya upasuaji, ambapo paja limeshajaa, mchezaji anakimbia, maumivu hayapo, kila mtu anafurahi. Injini imerudi, kamba ya kuvutia bado. Siku za kawaida mazoezini anakimbia kwa asilimia sabini na hakitokei kitu. Siku ya fainali anakwenda asilimia mia, na injini yenyewe inaikata kamba.

Mara ya pili walisubiri. Tangu Aprili 2000 hadi aliporudi kwenye mechi za ushindani Septemba 2001 ni miezi kumi na saba. Hata hapo alicheza mechi kumi tu za ligi msimu ule, akafunga saba, kwa sababu misuli ya paja iliyokaa nje muda mrefu ilikuwa ikichanika mara kwa mara, jambo la kawaida kabisa baada ya likizo ndefu ya jeraha. Aliyerudi alikuwa mchezaji mwingine. Itazame ile nusu fainali dhidi ya Uturuki: anapiga kwa ncha ya kiatu katikati ya mabeki, bila kurudisha mguu nyuma. Watu wanakumbuka zaidi ule unyoaji wa kipande cha nywele mbele. Mimi naliona bao lile kama kazi ya mtu aliyejifunza kufunga bila kuligharimu goti. Mabao matatu aliyowafunga Manchester United Old Trafford mwaka 2003 akiwa Real Madrid, hata mashabiki wa wenyeji wakasimama kumpigia makofi, ni ya namna hiyo pia: mbio fupi, mguso mmoja au miwili, shuti. Ule mchezo wake wa kuanzia katikati ya uwanja na kuwapita watu watano haukurudi tena.

Halafu tarehe 13 Februari 2008, akiwa AC Milan, aliingia kucheza na Livorno, akaruka, akatua, na kano ya goti la kushoto ikakatika. La kushoto! Hili halinishangazi. Mguu uliobaki hubeba kazi ya mwenzake kwa miaka, na ugonjwa wa kano hii mara nyingi hukaa magoti yote mawili hata kama linalouma ni moja. Ongeza na uzito, ambao kwake haukuwa ulafi tu kama magazeti yalivyoandika. Mwenyewe alieleza siku ya kustaafu, Februari 2011, kwamba tezi yake ya shingo ilikuwa haifanyi kazi sawasawa. Kila kilo ya ziada, kano inailipa mara kadhaa kila anapotua.

Turudi kwa kijana wako.

Kwanza jua panapouma hasa. Mnyooshe mguu, umlegeze paja, ubonyeze kwa kidole kimoja. Kama maumivu yapo kwenye kile kinundu cha juu ya muundi na kimevimba, hilo ni tatizo la mfupa unaokua, kwa kawaida la watoto wa kati ya miaka kumi na kumi na tano, na dawa yake kubwa ni kupunguza michezo mpaka ukuaji utulie. Kama ni kwenye ncha ya chini ya pia ya goti, na yanazidi akichuchumaa kwa mguu mmoja, hiyo ni kano. Kwa umri wake na ulivyonieleza, nadhani ni kano.

Pili, muulize anacheza timu ngapi. Muulize taratibu, usimtishe. Shule, timu yako, na ndondo za Jumapili? Kano haichoki kwa mechi moja. Inachoka kwa kukosa siku ya kupumzika kati ya mechi na mechi, tena juu ya uwanja wa udongo uliokauka kama saruji.

Sindano ya steroidi ndani ya kano inaondoa maumivu, ndiyo, na huku inazidhoofisha nyuzi zenyewe. Unakuwa umezima taa ya onyo na kupunguza unene wa kamba siku moja. Vidonge vya maumivu kabla ya mechi havidhoofishi kano vile, lakini vinaizima taa ile ile.

Wiki mbili za mwanzo asipumzike kitandani, maana kano isiyofanya kazi inazidi kudhoofu. Aache kuruka, kupiga mashuti na mbio za kasi. Pasi fupi na baiskeli aendelee. Kila siku afanye zoezi la kushikilia: funga mkanda wa kufungia mizigo, ule usionyumbuka, kwenye nguzo ya goli, uupitishe nyuma ya magoti yake. Anaegemea nyuma kama anayekaa kwenye kigoda, miundi ikibaki wima, na kubaki hapo sekunde 45. Mara tano, akipumzika dakika mbili kila baada ya moja. Paja litatetemeka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maumivu yasizidi tatu kwa kumi.

Kuanzia wiki ya tatu anza uzito, siku moja ndiyo, moja hapana. Kuchuchumaa polepole, sekunde tatu kushuka, tatu kupanda, seti nne. Anza na marudio 15 kwa uzito mdogo, na kila wiki mbili tatu ongeza uzito upunguze marudio hadi ufike sita. Huna jimu, basi mfuko wa mchanga mgongoni unatosha. Tengeneza pia ubao wa mteremko: kipande cha sentimita 40, upande wa nyuma uinuliwe sentimita 17. Anasimama visigino vikiwa juu, anachuchumaa mara moja kwa mguu mmoja. Ubao huu ndio kipimo chako cha kila asubuhi. Kama leo panauma kuliko jana, kazi ya jana ilizidi, punguza. Wengi wanakosea kwa kupima maumivu wakati wa mazoezi tu. Kano hulipiza kesho yake.

Kuruka kusirudi kabla mguu mgonjwa haujafikia angalau asilimia tisini ya mzima. Kupima ni rahisi: aruke mbele kwa mguu mmoja atue kwa huo huo, upime kwa futi kamba, mara tatu kila mguu. Halafu mbio, halafu kufunga breki na kugeuka, halafu mashuti, na mwisho dakika ishirini za mechi. Yote hayo ni miezi mitatu ukienda vizuri. Mashindano haya, swahiba, hatacheza, na ni afadhali aambiwe na wewe kuliko asikie kwa watu.

Jambo moja la dharura ulijue. Ikitokea siku ameruka akasikia kama kitu kimekatika, kisha akiwa amelala hawezi kuinua mguu ukiwa umenyooka, na chini ya pia ya goti kuna shimo linaloingia kidole, kano imekatika. Asikandwe wala asivutwe na mtu. Mfunge mbao mbili mguu ukiwa umenyooka, hospitali siku hiyo hiyo. Kano iliyokatika yote hushonwa kwa uzi unaopitishwa kwenye matundu yanayotobolewa kwenye pia ya goti, na kazi hiyo ni nyepesi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ukichelewa, misuli ya paja inafupika na pia ya goti inakataa kushuka. Baada ya hapo ni karibu wiki sita za kufungwa mguu, kisha kazi ile ile tuliyoieleza, lakini ndefu zaidi. Usikubali tarehe ya kurudi iliyopangwa kwa kuangalia ratiba ya ligi.

Nipimie paja zote mbili kwa futi kamba ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya pia ya goti, misuli ikiwa imelegea, uniandikie namba zote mbili pamoja na uzito wake. Ubao ukishauchonga weka kipande cha tairi kuukuu juu yake ili asiteleze, na chini pia, sakafu ya darasa lenu ina vumbi.

Nisalimie mama watoto na vijana wote wa timu.

Rafiki yako daima