Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, 2025

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, na ninyi wanachama mliofika kwa wakati,

Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuvusha mwaka. Wanachama wenzetu wawili wametangulia mbele ya haki, na rambirambi zilipelekwa kwa familia zote mbili. Tarehe 1 Oktoba 2025 alifariki pia Dkt. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, akiwa na miaka 91. Baadhi yetu tuliingia katika kazi hii ya elimu ya mazingira kupitia klabu za Roots & Shoots, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 waliokutana barazani kwa mama huyo. Wengine tulilelewa na klabu za Malihai, za uhifadhi mashuleni, zilizotangulia. Naomba mkumbuke kwamba wale wanafunzi 12 walianza bila kitabu cha mwongozo. Mtaona huko mbele kwa nini nalisema.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Kitalu kinaendelea, miche ya mwarobaini na mkorosho iliuzwa, ya miti ya kivuli ilipewa shule. Siku ya Mazingira, Juni 5, tuliadhimisha. Ufukwe tuliusafisha. Semina ya mboji kwa walimu ilifanyika na chai ilitosha. Taarifa za kina anazo Katibu.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwenye kundi la WhatsApp limeandikiwa mengi kuliko yaliyomo kwenye kitabu chenyewe.

Mnakumbuka tulichanga shilingi 2,400,000 kwa ajili ya kuchapa kijitabu chetu cha elimu ya mazingira kwa shule za msingi za hapa Tanga. Fedha hizo zimetumika, na kijitabu hakikuchapwa. Tumetengeneza makreti 8 ya vifaa vya kufundishia, kreti moja kwa kila shule tunayoilea. Makreti na vilivyomo ni 1,560,000, mabuti ya mpira jozi 40 ni 600,000, usafiri 240,000. Jumla ni ileile, senti haikupotea, na stakabadhi zote ziko mezani kwa Mweka Hazina. Anayetaka kuzikagua azikague leo, asiseme kesho kwamba zilifichwa.

Nimeulizwa nilipata wapi madaraka hayo. Niliitisha mkutano wa wanachama Julai 12. Katiba yetu inataka akidi ya nusu ya wanachama, na sisi tuko 86. Walifika 23. Viti vya kukodi vilibaki vimepangwa hadi saa nane, tukavirudisha na hela tukalipa. Nikaitisha tena Julai 26, wakafika 19, na tisa kati yao ni Kamati Tendaji, ambao hawana pa kukimbilia. Katiba hiyohiyo inamruhusu Mwenyekiti na Mweka Hazina kuidhinisha matumizi ya dharura pale akidi inapokosekana mara mbili. Mimi na Bi. Mweka Hazina tukaidhinisha. Kuna mwanachama aliyeandika kwamba mabuti ya mpira si dharura. Ningependa mwanachama huyo aingie kwenye tope la mikoko na kandambili, kisha tuzungumze.

Sababu za kuacha kuchapa ni hizi. Kwanza, kijitabu kiliandikwa kufuata mtaala wa zamani. Mtaala mpya umeanza kutumika Januari 2024, na sura karibu nusu zingehitaji kupangwa upya kwa madarasa na mada. Pili, kitabu cha kutumika darasani kinahitaji ithibati, na tathmini yake inapitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Hatukuwa tumeomba. Tungechapa nakala za kuwekwa kabatini kwa mwalimu mkuu, zikaliwa na mchwa. Tatu, na hili nilitaka lisemwe faragha ila wenyewe mmelitoa hadharani, ukurasa wa 14 unafundisha kwamba mikoko hupandwa popote penye tope. Si kweli. Kila aina ya mikoko ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, unakopigwa na bahari. Mkoko wenyewe uko nyuma yake, na mkandaa uko ndani zaidi kuelekea nchi kavu. Ukichukua miche ya mkoko ukaichomeka kwenye tope wazi la mbele, mawimbi yanaing'oa. Hata mtoto wa mvuvi anajua.

Waandishi wa kijitabu wamelalamika kwamba jasho lao limetupwa. Halikutupwa. Michoro yao na majina ya miti vimehamishiwa kwenye kadi zilizofunikwa nailoni, zinazoshikika kwa mkono wenye maji. Ni kweli majina ya waandishi hayakuandikwa kwenye kadi. Hata langu halimo, na anayejua nani aliyebuni makreti haya anajua.

Kwa wale ambao hawajaliona, kreti ni la mbao, amelitengeneza seremala wetu wa mtaani kwa bei ya undugu. Ndani mna lenzi za mkono, kipimajoto, beseni jeupe la kumwagia maji ya kidimbwi ili wadudu waonekane, neti iliyoshonwa kwa chandarua kikuukuu, kamba yenye fundo kila nusu mita ya kupimia miti, na chupa za plastiki zilizokatwa kwa jaribio la mmomonyoko. Jaribio lenyewe ni jepesi. Chupa moja unaijaza udongo wenye nyasi zake, ya pili udongo mtupu. Unamwagia maji kiasi kilekile. Upande wa nyasi hutoka maji yenye rangi ya chai ya rangi, upande mtupu linatoka tope. Darasa zima linaelewa kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Kuhusu haraka yangu, ambayo pia imesemwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa kwetu maji hukupwa sana saa nne, saa tano asubuhi, saa za masomo. Siku za maji mafu huwezi kuwatembeza watoto mikokoni, maji hayaendi mbali. Nafasi ni siku chache katika kila nusu ya mwezi, ukiondoa mitihani na likizo. Ningesubiri akidi, muhula ungekwisha.

Nilikuwepo mwenyewe safari ya kwanza ya mikokoni, na kibali cha kuingia msituni nilikifuatilia mimi. Watoto wa darasa la tano walivaa mabuti makubwa kuliko miguu, wengine mawili ya kushoto. Mwalimu wao akawaambia kila mmoja achume jani moja la mchu, aina nyingine ya mikoko, alirambe. Wakacheka, wakaramba, wakanyamaza. Chumvi! Binti mmoja akaligeuza jani, akalitazama kwa lenzi, akauliza nani amelitia chumvi. Hapo ndipo somo lilipoanza: mchu hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Kisha wakaoneshwa mche wa mkoko uliochipua ukiwa bado unaning'inia juu ya mama yake. Mwalimu huyo amefundisha miaka mingi umbali wa kutembea kutoka msitu ule, na alikiri kwamba hakuwahi kuukanyaga. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Sisi mwaka 2025 tunagombana kama mtoto atoke nje ya darasa au asitoke.

Nije kwenye fedha za kawaida. Salio anzia 185,000, ada 620,000, mauzo ya miche 342,000, jumla 1,147,000. Matumizi 1,009,000. Baki 138,000. Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu wenyewe: waliolipa ni 31 kati ya 86. Nimeyalinganisha majina. Kati ya wale walioandika maneno makali zaidi kuhusu makreti, wengi hawamo kwenye orodha ya waliolipa. Sitawataja, orodha imebandikwa mlangoni. Mlinzi wa kitalu anatudai, na mara mbili nimemlipa kutoka mfukoni kwangu bila kuandika popote, ingawa nadhani ni vema sasa ijulikane.

Kuhusu mahudhurio, nimesema ya kutosha. Naongeza tu kwamba mkutano ukiitwa saa tatu ni saa tatu, na kidole gumba cha kwenye simu hakihesabiwi kwenye akidi.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza makreti kwa shule nyingine, kuendelea na mazungumzo na wahisani, na kukipitia upya kijitabu, kwanza ukurasa wa 14, ili kiombewe ithibati wakati muafaka. Ipo pia fikra ya bustani ya dawa za asili, Katibu ataieleza akipata nafasi. Suala la kubadilisha idadi ya akidi liko kwenye ajenda namba 6, na kwa hesabu niliyopewa sasa hivi tumekaa 38, kwa hiyo sijui kama tutaruhusiwa kulijadili.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti