Bosnia haikukabidhiwa kimya kimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo katika makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza. Mwandishi anasema mwaka 1878 Bosnia na Herzegovina "zilihamishiwa" Austria-Hungaria, kisha anarukia risasi za 1914 zilizomuua mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria katika Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia. Mimi ni mwalimu wa historia, na sentensi hiyo imeniuma, maana imewafukia watu wengi.

Kilichohama ni karatasi. Berlin, Julai 1878, wakubwa wa Ulaya waliiruhusu Austria-Hungaria iingize jeshi na kutawala, huku nchi ikibaki kwa jina mali ya Sultani wa Uturuki. Wenyeji hawakuulizwa. Kabla askari hawajavuka mto Sava tarehe 29 Julai, watu wa Sarajevo walikuwa wamekwisha kumng'oa gavana wa Sultani na kuweka serikali yao. Kwao, aliyewauza na aliyewanunua walikuwa kitu kimoja.

Jenerali Filipović, kamanda wa jeshi la Austria-Hungaria, alianza na askari kama 80,000. Hawakutosha, wakaongezwa, wakaongezwa tena, hadi wakapita 150,000. Tarehe 19 Agosti mizinga iliipiga Sarajevo kutoka vilimani, kisha askari wakaingia vichochoroni, na kila nyumba ikawa boma. Risasi zilitoka madirishani na kwenye nyufa za milango. Wanawake walipigana. Hata majeruhi waliokuwa hospitalini walishika bunduki. Mji ulianguka siku ileile, lakini mapigano mikoani yaliendelea hadi Oktoba.

Makala pia inadokeza kwamba watu wa huko siku zote wamegawanywa na dini. Ni kweli kwamba mwaka 1878 waliopigana wengi walikuwa Waislamu, na Wakatoliki wengi waliwapokea wageni vizuri. Lakini tazameni 1882. Sheria ya mwaka uliotangulia ilitaka vijana waandikishwe kwa lazima katika jeshi la Kaizari wa Austria-Hungaria. Januari milima ya Herzegovina ikawaka, na viongozi walikuwa Salih Forta, Mwislamu, na Stojan Kovačević, Mserbia wa Orthodoksi. Walisimama pamoja kwa sababu hakuna mzazi aliyetaka mwanawe akafie bendera ya Vienna, makao ya Kaizari huyo. Walizimwa baada ya miezi michache.

Wanafunzi wangu hapa Tanga hawahitaji maelezo marefu kulielewa hili. Bismarck, kansela wa Ujerumani aliyeongoza kikao kile cha Berlin cha 1878, ndiye aliyeitisha kile cha 1884 kilichoweka kanuni za kugawana Afrika. Na mwaka 1888 Sultani wa Zanzibar alipotia saini kuwapa Wajerumani pwani yetu, Abushiri na watu wa Pangani waliikataa saini hiyo.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza mbona hajawahi kusoma jina la Mbosnia yeyote kabla ya 1914. Mkiirudia mada hii, tafadhali mpeni angalau mawili: Forta, na Hadži Lojo aliyeongoza umma wa Sarajevo ule mwezi wa Julai.

Wako,
Mwalimu wa historia,
Tanga